Mashine Zilizofundishwa Utabibu

Tangu zamani mgonjwa humwendea tabibu kwa imani, na imani hiyo haikutolewa bure. Ilijengwa juu ya mambo mawili: kwamba tabibu amejifunza, na kwamba akikosea ataulizwa. Katika muda wa zaidi ya miaka 50 iliyopita, mgeni amekuwa akibisha hodi katika chumba cha tabibu. Mgeni huyo ni mashine yenye kushauri, ambayo leo huitwa akili mnemba. Kwamba amejifunza mengi, hapana shaka. Lakini yeye hashtakiwi, hahukumiwi, wala haoni haya. Kwa hiyo kumkaribisha kumekuwa kazi ya hadhari, na yafaa historia ya kazi hiyo ijulikane na kila kijana, kwa kuwa hakuna asiyeugua.

Tuanze na mji wa Leeds, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari F. T. de Dombal na wenzake walishughulika na taabu moja ya kila siku hospitalini: mtu huletwa ghafula, ameshika tumbo, analia kwa maumivu. Labda kidole tumbo chake kimevimba na chataka kukatwa usiku uleule. Labda ni maumivu yatakayopoa yenyewe. Akipasuliwa bila sababu, ameumizwa bure. Asipopasuliwa kwa wakati, kidole tumbo hupasuka na maisha yake huwa hatarini. Madaktari hao waliipa kompyuta hesabu ya dalili za wagonjwa waliotangulia, ili kwa kila mgonjwa mpya ipime uzito wa dalili zake na kutaja ugonjwa unaoelekea zaidi. Mwaka 1972 walitangaza matokeo ya wagonjwa 304. Kompyuta ilipata sawa kwa asilimia 91.8, na daktari mkubwa wa zamu kwa asilimia 79.6.

Mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba mashine ilimshinda mtu. Walakini kompyuta ile haikumgusa mgonjwa hata mmoja. Daktari ndiye aliyeuliza maumivu yalianza wapi na yamehamia wapi, akalipapasa tumbo, kisha akayajaza majibu katika fomu isiyoruhusu swali kurukwa. Tena ilionekana kwamba wakati wa jaribio madaktari wenyewe walizidi kuwa hodari, na jaribio lilipokwisha ustadi wao ulirudi nyuma. Mwaka 1986 ilitangazwa habari ya jaribio kubwa zaidi, la hospitali 8 na wagonjwa 16,737. Usahihi wa madaktari katika kutambua ugonjwa mara ya kwanza ulipanda kutoka asilimia 45.6 hadi 65.3, na upasuaji usio wa lazima ulipungua karibu kwa nusu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mashine ya Leeds iliwakumbusha wenye elimu kuuliza sawasawa, na hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya faida yake.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Edward Shortliffe na wenzake walifuata njia nyingine katika miaka hiyohiyo. Walikusanya maarifa ya mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza, wakayaandika kwa mfano wa kanuni mia kadhaa: ikiwa dalili ni hizi, basi yamkini kiini cha maradhi ni hiki, na dawa ifaayo ni hii. Programu yao waliiita MYCIN. Ilikuwa na adabu moja iliyo adimu: daktari alipoiuliza kwa nini yasema hivi, ilimwonyesha kanuni iliyokuwa ikiifuata. Mwaka 1979 ilitangazwa habari ya mtihani wake. Mabingwa 8, pasipo kujua ushauri upi ni wa nani, walipima tiba zilizopendekezwa kwa wagonjwa 10 wa homa ya uti wa mgongo. Ushauri wa MYCIN ulikubaliwa kwa asilimia 65. Ule wa walimu wa udaktari wa Stanford ulikuwa baina ya asilimia 42.5 na 62.5.

Hata hivyo MYCIN haikutumiwa kamwe katika kazi ya kila siku ya wodi. Daktari mwenye haraka alitakiwa aketi na kuichapia majibu ya maswali mengi, na mengi ya majibu hayo yalikwisha andikwa katika karatasi za mgonjwa. Juu ya hayo kulikuwa na swali zito lisilokuwa na jibu: ushauri wa mashine ukimdhuru mtu, nani atawajibika? Kufaulu mtihani ni jambo moja, na kukabidhiwa funguo za nyumba ni jambo jingine.

Onyo kubwa kuliko yote lilitoka katika Marekani hiyohiyo, katika miaka ya 1990. Watafiti walitaka mashine ya kukadiria hatari ya kufa kwa mgonjwa wa nimonia, ili wenye hatari kubwa walazwe hospitali na wenye hatari ndogo watibiwe nyumbani. Safari hii mashine hazikupewa kanuni za mabingwa. Zilipewa kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa, zikajitafutia kanuni zenyewe. Iliyoongoza kwa usahihi ilikuwa ya aina iitwayo mtandao wa neva bandia, iliyofunzwa na mtafiti Rich Caruana; lakini hakuna aliyeweza kutazama ndani yake na kusoma jinsi ilivyofikia majibu. Kwa bahati njema, mashine nyingine yenye kusomeka ilifundishwa kwa kumbukumbu zilezile. Ndani yake ilionekana kanuni ya ajabu: mgonjwa wa nimonia aliye na pumu ana hatari ndogo ya kufa kuliko asiye na pumu.

Kila tabibu ajua kwamba pumu juu ya nimonia ni balaa juu ya balaa. Kumbukumbu zile hazikusema uongo. Zilinyamaza tu juu ya sababu. Wagonjwa wa pumu walipofika na nimonia, walipelekwa moja kwa moja katika wodi ya mahututi, wakaangaliwa usiku na mchana, na kwa ajili ya uangalizi huo wengi walipona. Mashine iliona kupona, haikuona uangalizi. Lau ingeachiwa kuamua, ingewarudisha nyumbani watu wale wale waliokuwa wakiokolewa kwa kulazwa. Watafiti waliuweka kando mtandao ule uliokuwa sahihi zaidi, wakachagua njia iliyopungua kidogo kwa usahihi lakini yenye kusomeka. Hofu yao ilikuwa ya haki: kosa la pumu lilifichuka; je, ni makosa mangapi mengine yaliyojificha?

Sasa turudi nyumbani. Jijini Nairobi, kliniki za Penda Health na kampuni ya OpenAI ya Marekani zilitangaza mwaka 2025 matokeo ya jaribio lililofanywa katika kliniki 15, kwa ziara 39,849 za wagonjwa. Baadhi ya matabibu walipewa msaidizi wa akili mnemba, na wengine hawakupewa. Msaidizi huyo aliyasoma maandishi ya tabibu kazi ikiendelea, akaonyesha rangi: kijani palipo salama, manjano pa kuangaliwa tena, na nyekundu penye hatari. Uamuzi ulibaki kwa tabibu. Madaktari waliokagua sehemu ya kumbukumbu waliona kwamba, kwa waliokuwa na msaidizi, makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya tiba kwa asilimia 13, na ya kumhoji mgonjwa kwa asilimia 32. Fundisho la Leeds lilijirudia.

Habari hiyo ni njema, lakini ina pande zake. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti baina ya makundi mawili haikutosha kuthibitisha jambo. Mwanzoni baadhi ya matabibu waliiona rangi nyekundu wakaipita. Ilibidi waelekezwe na wenzao ndipo wakaizingatia. Tena waliopima walikuwa wenye kliniki na wenye mashine, na mwamba ngozi huvutia kwake. Kwa hiyo yafaa wapime na wengine wasio na hisa katika shauri hilo.

Katika visa vyote hivi, usalama wa mgonjwa haukuletwa na ujuzi wa mashine peke yake. Uliletwa na watu waliouliza maswali yote, waliokubali kupimwa hadharani, waliokataa ushauri usiosomeka, na waliobaki tayari kujibu kwa ajili ya maamuzi yao. Mashine zitazidi kuwa hodari. Haja ya watu wa namna hiyo haitapungua. Nawe, msomaji, siku utakapoketi mbele ya tabibu na mashine yake, una haki ya kuuliza: ushauri huu umetoka wapi, na ni nani atakayejibu ukinidhuru? Tabibu mwema hatachukizwa na swali hilo.