Mwanafunzi wa Charenton na Siri ya Wazimu

Nani kati yetu hajaletewa siku moja mtu wa wazimu kwenye misioni? Jamaa wamemfunga mikono kwa kamba, mama yake analia, na katekista anamnong'oneza padri: ni pepo. Sisi tulipokuwa padri mpya tuliletewa mmoja. Alisema yeye ni mfalme, ana magari mia na machimbo ya dhahabu. Ulimi wake ulikuwa mzito, na miguu ilitetemeka. Tulimwombea, tukamnyunyizia maji ya baraka, tukawaaga jamaa. Ulimi na miguu hatukuviangalia. Kumbe mwanafunzi mmoja wa uganga alikwisha kuonyesha tangu mwaka 1822 kwamba alama za namna ile ni neno kubwa.

Jina lake Antoine Laurent Bayle, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1799. Alifanya masomo yake ya uganga kati ya wagonjwa wa Charenton, karibu na Paris. Nyumba ile ilianzishwa mwaka 1641, na watawa wa Mtakatifu Yohane wa Mungu waliitunza mpaka siku za mapinduzi ya Ufaransa. Wakati wa Bayle munganga mkubwa wa pale alikuwa Royer-Collard.

Siku zile waganga wengi walifikiri wazimu hutoka katika masumbuko ya moyo: huzuni, wivu, tamaa, kiburi. Waliona vema kwamba wengine wa wenda wazimu hupooza. Lakini Esquirol, mwalimu aliyesikilizwa kuliko wote, alifundisha kwamba kupooza kule ni ugonjwa wa pili, uliokuja kuongezeka juu ya wazimu. Bayle hakubishana kwa maneno. Alikaa karibu na wagonjwa, akaandika namna walivyosema na namna walivyotembea; na mmoja akifa, alichungua ubongo wake. Katika kitabu cha kumaliza masomo yake alieleza habari za wagonjwa sita. Ngozi nyembamba zinazofunika ubongo zilikuwa zimevimba, zimekuwa nene, wala hazikupitisha tena mwanga. Basi akasema: wazimu huu na kupooza huku si magonjwa mawili, ni ugonjwa mmoja tu, na makao yake ni mwilini. Alikuwa na miaka 23.

Tena alionyesha njia ya ugonjwa. Kwanza mtu hujiona mkubwa: ni tajiri, ni jemadari, ni mfalme. Kisha huja makelele na hasira. Mwisho akili yazimika, na miguu pamoja nayo. Mhubiri angeona kiburi tu katika hatua ile ya kwanza, na tunaungama kwamba sisi wenyewe tulikwisha kuanza kutafuta maneno ya Maandiko juu ya wenye majivuno.

Bayle hakupokelewa kwa shangwe. Royer-Collard alikufa mwaka 1825, na aliyeshika mahali pake Charenton alikuwa Esquirol mwenyewe. Bayle alitoa kitabu kikubwa mwaka 1826, lakini baadaye aliwaacha wagonjwa wa akili, akafanya kazi katika maktaba ya chuo cha uganga cha Paris. Alikufa mwaka 1858. Chanzo cha kweli cha ugonjwa hakukijua. Mdudu wa kaswende alionekana mwaka 1905 tu, katika mji wa Berlin; na mwaka 1913, huko New York, Noguchi na Moore walichungua bongo 70 za watu waliokufa kwa ugonjwa wa Bayle, wakamkuta mdudu yule katika 14.

Dawa ya kwanza yenye nguvu itawashangaza wasomaji wetu: ilikuwa malaria! Mwaka 1917, kule Vienna, munganga Wagner-Jauregg aliwatia wagonjwa tisa damu yenye malaria, ili homa kali ipigane na ugonjwa. Kisha homa yenyewe ilikatwa kwa kinini. Kwa kazi hiyo alipata zawadi ya Nobel mwaka 1927. Wengine walipona, wengine homa iliwaua. Tangu mwaka 1943 penisilini ikaanza kutumiwa kwa kaswende, na njia ile ya hatari ikaachwa.

Lakini Kanisa lilikwisha kutuonya zamani. Rituale ya mwaka 1614 inamwagiza padri asikubali upesi kwamba mtu ana pepo, bali ajue kumtenga na yule anayeumwa ugonjwa. Tuliyasoma hayo seminarini, kwa Kilatini, tukafaulu mtihani.

Tulipomaliza kusoma habari za Bayle tulimtuma katekista aulize hali ya mfalme wetu. Alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja. Hakuna aliyempima damu, basi hatuwezi kusema kwa hakika kilichomuua. Dada yake alisema kwamba siku za mwisho alishindwa kushika kijiko, lakini bado aliwagawia watoto wa jirani machimbo yake ya dhahabu, kila mtoto na shimo lake.