Ukumbi Ambao Wazazi Walibaki Nje
Mwaka 1942, jumba la sanaa za kisasa la New York lilifungua ukumbi ambao wakubwa hawakuruhusiwa kuingia. Victor D'Amico, aliyesimamia elimu hapo tangu 1937, aliuanzisha kwa ajili ya watoto pekee. Lango lilitengenezwa kwa kimo chao. Mzazi alibaki kuchungulia.

Ulikuwa uamuzi wa busara. Mtoto akiwa na mama kando yake humtazama mama kwanza, picha baadaye.

Sehemu ya kwanza ilikuwa na mwanga hafifu na vitu vya kuchezea vilivyobuniwa kuamsha macho na vidole: rangi, mwendo, mguso. Hamu ikishapanda, mtoto alihamia upande wenye mwanga tele, akakuta rangi, brashi na meza za kubandikia karatasi na vitambaa. Hakupewa mfano wa kuiga, kwani D'Amico alipinga kabisa kunakili.

Ukumbi huo ulisafirishwa Milan na Barcelona mwaka 1957, kisha Brussels 1958. Mwaka 1969 ukazaa kituo Harlem, ambacho msanii Betty Blayton alikiongoza kwa miaka mingi.