Bunduki ya urithi: Mambo ya kukaguliwa kabla ya kufyatua

BUNDUKI ya mzee hukutwa juu ya kabati, imeviringwa khanga, na hakuna ajuaye ilifyatuliwa lini mara ya mwisho. Katika ukanda wa Bagamoyo, kuanzia Mapinga hadi ng'ambo ya Mto Wami, silaha hiyo huweza kuwa bunduki ya marisau, yaani shotigani, iliyonunuliwa zamani kwa kuwindia kanga na kwale au kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori.

Jambo la kwanza si mafuta wala brashi. Bunduki hairithiwi kama mnazi. Leseni hutolewa kwa jina la mtu, na mwenyewe akifariki haihamii kwa mwanawe. Mrithi hulazimika kutoa taarifa polisi na kuomba yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kwa silaha inayojipakia yenyewe swali ni zito zaidi, kwa kuwa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, zipige marufuku raia kumiliki raifoli za aina hiyo. Iwapo shotigani inaruhusiwa au la, hilo ni la kuamuliwa na msajili wa silaha, wala si fundi. Busara ni kuuliza kwanza namna ya kuifikisha kituoni, badala ya kuibeba ndani ya daladala.

Bunduki nyingi za namna hii zina asili moja: Browning Auto-5, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kuanza kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, mwaka 1902. Utengenezaji wake uliendelea hadi mwaka 1998, miaka ya mwisho ukifanyika Japani. Risasi inapolipuka, mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na komeo, ganda hutupwa nje, na springi huingiza risasi nyingine. Hapo ndipo hatari ilipo. Bomba lililo chini ya mtutu hubeba risasi zisizoonekana, na mtu akitoa ile ya kwenye chemba bila kumaliza zilizo kwenye bomba, akivuta komeo tena huwa amepakia upya. Kwa hiyo bomba humalizwa kwanza, kisha chemba hukaguliwa kwa macho na kwa kidole, mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu.

Baada ya kufunguliwa, mtutu hutazamwa dhidi ya mwanga. Uvimbe au kivuli cha duara ndani yake ni dalili kwamba uliwahi kufyatuliwa ukiwa umeziba, na mtutu wa namna hiyo haufai tena. Nyigu hujenga kwa udongo popote penye tundu, na bunduki iliyokaa miaka kadhaa darini si ajabu kuwa na kiota ndani.

Kosa linalowaponza wengi ni urefu wa risasi. Bunduki za zamani za geji 16 zilichongwa kwa chemba ya milimita 65, ilhali risasi zinazouzwa sasa kwa kawaida ni za milimita 70. Kipimo hicho ni cha ganda likiwa limeshafunguka; kabla ya hapo ni fupi, hivyo huingia bila shida. Likilipuka hukosa nafasi ya kufunguka, na msukumo ndani ya chemba hupanda. Kuingia, basi, si ushahidi wa kufaa. Marisau ya chuma nayo hayafai katika mitutu hiyo ya zamani.

Chini ya mkono wa mbele zimo pete za msuguano, ambazo hupangwa kwa namna moja kwa risasi nyepesi na kwa namna nyingine kwa risasi nzito. Zikikosewa, mtutu hurudi kwa kishindo na mbao hupasuka. Kazi yao ni kuzuia, kwa hiyo bomba hupakwa mafuta kidogo mno. Wanaoyamimina wakidhani wanaitunza ndio wanaoivunja.

Majaribio ya kwanza ni kazi ya fundi mwenye kibali. Huanza na risasi moja, kisha mbili, kwani kifyatulio kilicholika huweza kutoa mbili kwa mvuto mmoja.

Kwa hewa ya chumvi ya pwani, mfuko wa ngozi ndio adui mkubwa, kwa sababu hushika unyevu na kuula mtutu kimyakimya. Bunduki hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, hasa wakati wa masika, na kufungiwa kabatini ikiwa tupu, risasi zikiwa mahali pengine. Mafuta ya kupikia huganda kama gundi. Ya taa husafisha, lakini yakikauka huiacha chuma bila kinga.

Mwenye leseni ya silaha bado huhitaji leseni ya uwindaji, na Saadani, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, si mahali pa kuwinda hata kwa mwenye zote mbili.