Kompyuta ya Mtu wa Mapato Madogo

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Thika utapita Juja, jirani na Kalimoni, nchi iliyojulikana zamani kwa mashamba ya mkonge. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Ardhi yake ilitolewa na Mzee Kenyatta, Serikali ya Japani ikasaidia kukijenga, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwezi wa Mei, 1981.

Miezi mitatu baadaye, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi. Bei yake ilianzia dola 1,565, na kwa bei hiyo mnunuzi hakupata hata kioo cha kutazamia. Pengine utauliza, msomaji, mashine yenye upungufu huo ilipendewa nini? Ilipendwa kwa kuwa ndani yake mlikuwa na nafasi tano za kupachika vipande vipya. Mwenye fedha kidogo alianza na kidogo. Alipopata nyingine aliongeza kumbukumbu, kisha chombo cha kuhifadhia kazi zake. Haba na haba hujaza kibaba. Tena IBM ilichapisha maelezo ya muundo wa mashine hiyo, hata watengenezaji wengine wakaunda vipande vya kuipachika, na baadaye mashine nzima zilizofanana nayo. Ushindani huo ndio ulioshusha bei.

Mwezi wa Novemba, 1983, kampuni hiyo ilitangaza mashine nyingine, PCjr, ambayo bei yake ilianzia dola 669. Bei ilipungua kweli, lakini mashine hiyo haikuweza kupokea vipande vya ndugu yake mkubwa. Wanunuzi hawakuridhika, na mwaka wa 1985 ikaachwa kutengenezwa.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1813 na 1913 hazikuwa na swali hili. Lakini mwaka wa 2013 watoto wa darasa la kwanza nchini Kenya waliahidiwa vipakatalishi. Mwaka wa 2016 vilianza kugawanywa vishikwambi badala yake, na chuo cha Juja kilikuwa kimoja cha vyuo vikuu viwili, pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, vilivyoshirikiana na kampuni za kigeni katika kazi hiyo. Kuunganisha vyombo hivyo karibu na Kalimoni kulikuwa heshima kubwa. Lakini kishikwambi ni chombo kilichofungwa. Mtoto akikua, hakikui pamoja naye. Na kikiharibika, mwalimu hana la kufanya ila kukiweka kabatini.

Ipo njia nyingine. Mwaka wa 2012 Waingereza walitoa Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja mdogo iliyouzwa kwa dola 35. Huunganishwa na televisheni na kibodi iliyopo tayari, na kipande kikifa hubadilishwa hicho tu.

Basi napendekeza kwamba shule zetu zipate mashine za namna hiyo, zitakazoanza na machache na kuongezwa kila mwaka, kwa mikono ya wanafunzi wenyewe. Nawe, siku utakapotakiwa kushauri juu ya ununuzi, usiulize bei peke yake. Uliza pia: Je, inafunguka? Inaongezeka? Chombo kisichoongezeka hununuliwa mara mbili, na maskini hana fedha za kununua mara mbili.