Udhaifu wa pppd (CVE-2020-8597)

CVE-2020-8597 ni udhaifu wa kiusalama katika pppd, programu inayoendesha itifaki ya PPP kwenye mifumo ya Linux na mingine ya jamii ya Unix. PPP ilizoeleka enzi za modemu za simu, kisha ikawa ndiyo inayobebwa ndani ya mahandaki ya mtandao (VPN) ya PPTP na L2TP. Hivyo kosa moja lilizigusa seva za VPN na ruta za nyumbani kwa pamoja.

Kosa ni la hesabu, katika faili eap.c linaloshughulikia uthibitishaji wa EAP. Upande mmoja hutuma pakiti yenye thamani ya changamoto, ikifuatwa na jina lake, na jina hilo hunakiliwa kwenye bafa ya baiti 256. Urefu wa jina hupatikana kwa kutoa urefu wa thamani kutoka urefu wa data yote. Tofauti hiyo ndiyo iliyopaswa kupimwa. Badala yake, msimbo uliuliza kama urefu wa thamani unafikia urefu wa data yote kujumlisha 256. Hilo haliwezekani kamwe, kwani mistari michache kabla ya hapo thamani inayozidi data ilikwisha kukataliwa. Kinga ilikuwapo, ila haikuweza kufanya kazi hata siku moja. Jina refu humwagika nje ya bafa na kuharibu kumbukumbu jirani, na aliyelituma anaweza kuifanya kompyuta itekeleze msimbo wake.

Hatari ilizidi kwa sababu pppd kwa kawaida huendeshwa kwa mamlaka kamili ya mfumo, na pakiti hizo hupokelewa kabla mtu hajathibitishwa: nenosiri halihitajiki. Kuzima EAP pia hakukusaidia, maana programu ilizichakata pakiti zake hata pale pande mbili hazijakubaliana kuitumia. Ndiyo maana udhaifu huu ulipewa alama 9.8 kati ya 10 katika kipimo cha CVSS, na ni alama inayostahili.

Aliyeugundua ni Ilja Van Sprundel wa kampuni ya IOActive. Matoleo 2.4.2 hadi 2.4.8 yaliathirika, yaani kosa lilikaa takriban miaka 17. Msimbo ulirekebishwa Februari 2020, na Machi kituo cha CERT/CC cha Marekani kikatoa tahadhari. Debian, Ubuntu na Red Hat walisambaza masasisho. Ruta zilibaki kutegemea watengenezaji wake.