Utengamao, si ukarabati

Mtaani Carama, kaskazini mwa Bujumbura, anayefanyishwa mazoezi ya viungo baada ya kiharusi au ajali husema anakwenda "kine". Neno limekatwa kutoka Kifaransa cha hospitalini, na dereva wa teksi akilisikia anajua pa kukupeleka. Lakini kine ni mtaalamu mmoja tu. Kazi yenyewe ni pana, na huko Tanzania watu wa afya wanaiita utengamao.

Nalipenda neno hili kwa sababu ya kitenzi chake. Mgonjwa akitengamaa, hali yake imetulia. Hakuna aliyesema amepona. Ukarabati, ambao wengine wanautumia, ni wa nyumba na barabara: unaahidi kwamba kilichobomoka kitarudi kama kilivyokuwa. Wafaransa husema "rééducation", kufunza upya, na wamegusa kweli, maana ubongo hufundishika hata ukubwani. Ila linanisikikia kama mgonjwa amefeli darasa.

Ugonjwa unaoipima vizuri istilahi hii ni sklerosisi ya mabaka, alioueleza daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1868. Kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kushambulia myelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Panapochubuka hubaki kovu, na amri ya kwenda mguuni huchelewa au hupotea njiani. Makovu hayo ndiyo mabaka yanayoonekana kwenye picha ya ubongo. Mwaka 2020 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 2.8 duniani. Kwetu karibu na ikweta huhesabiwa wachache, ingawa mashine za kupiga picha hiyo nazo ni chache, na asiyepimwa hahesabiwi.

Kwa miaka mingi wagonjwa hawa waliambiwa wapumzike, wasijichoshe. Mwaka 1996, Jack Petajan na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa mazoezi ya wiki 15: walioyafanya waliongeza siha, na ulemavu wao haukuzidi. Tangu hapo ushauri ukageuka.

Joto ndilo la kuchungwa hapa Bujumbura. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliona wagonjwa wakififia macho baada ya kujitahidi. Neva iliyochubuka ala hushindwa kazi mwili ukipata moto, kisha hurudia hali yake mwili ukipoa. Kwa hiyo zoezi ni la alfajiri, kabla bati halijawaka, na kitambaa chenye maji shingoni. Mgonjwa anakaa kitini, nyayo zote chini, mikono amekunja kifuani. Anasimama, anakaa polepole, halafu anapumzika kabla uchovu haujamkamata. Ukishamkamata, siku imekwisha.

Na si mazoezi pekee. Kuna kibofu kisichosubiri, kuna ulimi unaokuwa mzito, kuna nguvu za siku za kugawa kati ya soko na jiko. Kigoda cha kupikia umekaa, kishikio ukutani chooni, fimbo ya urefu unaomfaa mwenye mguu unaoburuzika: vyote ni utengamao, na hicho kigoda hakihitaji safari ya Gitega, kwenye kituo cha taifa cha viungo bandia. Seremala wa mtaani anakitengeneza.