Kalenda ya Mahakama na Siku za Mahabusu: Jitihada za Kupunguza Mlundikano wa Mashauri Tanzania Bara, 1994–2019

Jitihada za kupunguza mlundikano wa mashauri Tanzania Bara kwa kawaida huelezwa kama sehemu ya historia ya Mahakama yenyewe. Mkabala huo una msingi, kwa kuwa hatua nyingi zilichukuliwa humo. Mwaka 1994, wakati wa Jaji Mkuu Francis Nyalali, usuluhishi uliingizwa katika mwenendo wa mashauri ya madai, na kila shauri likapangiwa muda wa kumalizika kulingana na aina yake. Mwaka 1999 ilianzishwa Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu. Divisheni za ardhi na za kazi zikafuata. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 yaliongeza Ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zisicheleweshe haki pasipo sababu ya msingi.

Hatimaye mlundikano ukawekewa kipimo. Shauri huhesabiwa kuwa la mlundikano likizidi miezi 6 katika mahakama ya mwanzo, miezi 12 katika mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, na miezi 24 katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kipimo hiki kinafaa katika madai, ambako mdai mwenyewe ndiye anayeanzisha shauri. Katika mauaji kinapotosha.

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mshtakiwa wa mauaji hufikishwa kwanza mbele ya mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kumhukumu. Husomewa shtaka, lakini hatakiwi kujibu lolote. Dhamana hana. Hurudishwa rumande na kuletwa tena takriban kila wiki mbili, naye husikia kauli ileile ya upande wa mashtaka kwamba upelelezi haujakamilika. Jalada hutoka polisi kwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na mara nyingine hurudishwa polisi kufanyiwa kazi upya. Ushahidi ukitosha, mshtakiwa huhamishiwa Mahakama Kuu, na huko shauri hupewa namba mpya. Miaka aliyokwisha kukaa gerezani imebaki katika daftari la mahakama ya chini. Daftari la Mahakama Kuu linaweza basi kuonyesha shauri changa, ilhali mwenye shauri amezeekea mahabusu. Hata baada ya hapo ilibidi asubiri kikao, na vikao vilitegemea fedha za safari ya jaji, posho za wazee wa baraza na nauli za mashahidi.

Hatua chache zililigusa eneo hili. Mahakimu wakazi walipewa mamlaka ya nyongeza ili wasikilize mashauri ya Mahakama Kuu. Sheria ya mwaka 2008 iliimarisha utengano wa kazi ya kushtaki na ile ya kupeleleza, na ya mwaka 2011 ikaanzisha Mfuko wa Mahakama. Mfuko huo uliweza kuongeza vikao. Haukuweza kuharakisha jalada lililokuwa bado mikononi mwa wapelelezi. Hapa ndipo ilipo kasoro ya kuuita mlundikano tatizo la Mahakama pekee: chombo kilicholaumiwa hakikuwa na amri juu ya sehemu ndefu zaidi ya safari.

Mwaka 2019 una mafunzo ya pekee. Mwezi Februari zilizinduliwa mahakama zinazotembea, huduma iliyowasogezea wananchi mahakama. Septemba, Rais John Magufuli alishauri washtakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurejesha fedha wasamehewe, akatoa siku 7, kisha akaongeza nyingine 7. Mkurugenzi wa Mashtaka aliripoti kwamba washtakiwa 467 walikuwa wameomba, nao wangerejesha zaidi ya shilingi bilioni 100. Mwaka huohuo makubaliano ya kukiri kosa yaliwekewa utaratibu wa kisheria.

Kwa hesabu ya mashauri, hatua kama hiyo hufunga majalada kwa kasi. Lakini baadhi ya walioandika barua hizo walikabiliwa pia na shtaka la utakatishaji fedha, lisilo na dhamana, na upelelezi wa mashauri yao ulikuwa bado. Takwimu za majalada yaliyofungwa hazitofautishi aliyekiri kwa sababu alitenda na aliyekiri kwa sababu amechoka kungoja.